Siku Niliyofanywa Shangazi wa Mtu Nisiyemjua

Likasi, Kikula, Jumatatu

Kwako yaya wangu, dada yangu mkubwa Felista,

Tumsifu Yesu Kristu. Nakusalimu weye kwanza, halafu wote wanaolala chini ya paa lako. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya majani aliyokupa mke wa katekista ilisaidia, ama bado linakuuma kila mvua ikikaribia? Na Mama yetu, anaiona bado njia ya kwenda kanisani, ama sasa ni kushikwa mkono? Na Zawadi, mtoto wangu unayenilelea? Namtaja wa mwisho, lakini ndiye niliyemfikiri wa kwanza.

Mimi mwili ni mzima, Mungu asifiwe. Moyo ndio umepigwa. Tangu Jumamosi nimeona nisipokuandikia nitapasuka.

Unakumbuka katika mukanda, ile barua iliyopita, nilimwambia Zawadi, masomo hayataanza kabla mama hajakuita. Sikumdanganya, yaya. Nilisema vile kwa sababu ya tangazo lililobandikwa ukutani hapa sokoni: kampuni mpya inatafuta mpishi mwanamke, wa kupikia wafanyakazi watakaokwenda upande wa Koni. Hali yetu unaijua. Baba Zawadi alifariki, kiwandani moshi ukakatika, posho ya unga ikakatika nayo, na mimi mpishi wa masista miaka kumi na moja nikawa mtu wa kuuza makala, mkaa wa jikoni, kwa mafungu. Kazi ile ingenirudishia mtoto. Hicho tu ndicho nilichokuwa nakitafuta.

Tangazo lilisema kila mwanamke aje na sufuria yake na chakula chake, mkono wake upimwe. Sasa hapa, yaya, nisamehe. Ile mikebuka mikavu uliyonitumia, niliyoifunga kitambaani nikaiweka mpaka siku Zawadi atakaporudi, niliichukua. Nilisema, samaki ndio watakaomrudisha.

Nilikwenda na jirani yangu Mama Koleta, yule wa kanisa la maombi, anayemwita Roho Mtakatifu kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Tulikuta wanawake wengine wawili. Ofisi yenyewe ni nyumba ya mtu, na rangi ya ubao wa mlangoni ilikuwa haijakauka. Ndani walikaa watatu. Mmoja wa suti, hakutuambia jina, wenzake walimwita Mukubwa. Mmoja bibi mwandishi, anapaka rangi kucha. Wa tatu alikuwa amelala kwenye kiti, kinywa wazi, na hivyo ndivyo alivyonihoji mpaka mwisho.

Karatasi ya masista ya kunisifia kazi nilimpa Mukubwa kwa mikono miwili. Hakuisoma. Alitua chupa ya bia juu yake, saa tatu ya asubuhi.

"Mama, uko na miaka ngapi?"

"Makumi ine na nane, bwana."

"Aa, ulishaka kuzeeka! Sufuria utaiweza?"

"Bwana, sufuria haiangalie miaka. Inaangalia mikono."

Bibi akacheka, akapuliza kucha zake. "Iko na kinywa, huyu mama. Bwana yako iko wapi?"

"Alikufaka."

"Basi utapikia wanaume muzuri," akasema, na Mukubwa akacheka mpaka bia ikamwagika juu ya karatasi. Niliona muhuri wa masista unayeyuka, rangi ya bluu inatembea. Nilitaka kuivuta, mkono ukaogopa. Kazi, yaya. Mtu anayeitaka kazi anakuwa bubu.

Wakatupeleka nyuma uani. Mimi samaki na bukari, ugali wetu. Mama Koleta sombe ya majani ya muhogo. Wale wengine, mmoja kuku, mmoja mchele. Hakuna kati yetu aliyejiuliza kwa nini mtihani ni mmoja na kila mtu anakuja na swali lake. Tulipika kwa bidii ya kushindana, kila mmoja anachungulia sufuria ya mwenzake. Mimi nilifanya alama ya msalaba juu ya moto, Mama Koleta akaombea sombe kwa lugha za malaika.

Saa sita Mukubwa akaja uani mbio, suti imefungwa vifungo vyote. Akanishika bega kama tumenyonya ziwa moja.

"Mama, bakwe yangu bako mulangoni. Minye sina ndugu hapa Likasi. Leo weye njo tantine, shangazi yangu, unasikia? Hawa bengine ni badada. Sema muzuri, na kazi ni yako. Jumatatu unaanza."

Yaya, nilibaki na mwiko hewani. Hakukuwa na mtihani. Mtu alikuwa anaposa! Na mila unaijua: wakwe wakija mara ya kwanza, chakula kinatoka mikononi mwa wanawake wa ukoo, mama, shangazi, dada. Mwanaume asiye na wa kumpikia, wakwe watamuuliza umetoka jiweni? Basi yeye ukoo aliuokota sokoni, kwa tangazo.

Tuliingia na sahani. Ungefanya nini? Kumwaibisha mtu mbele ya wakwe zake, kwetu ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Mama Koleta mwenyewe alipiga kigelegele, kisha akaniangalia kama mtu aliyejing'ata ulimi.

Baba wa binti ni mzee wa heshima, rozari shingoni. Alinawa mikono, lakini hakugusa bukari. Akanigeukia mimi.

"Shangazi, ni weye ulimubeba huyu tangu mutoto. Mbele ya kula, tuambie. Ni muntu wa namna gani? Nitamupa binti yangu juu ya neno yako."

Nyuma ya mzee, Mukubwa ananitikisia kichwa: sema, sema. Nilimwona Zawadi anashuka kwenye treni, Mungu ni shahidi, nilimwona na mfuko wake. Neno moja tu. Nilifungua kinywa nimsifu. Macho yangu yakaanguka juu ya ile rozari, halafu nikamfikiri binti ya mzee, ambaye naye ni Zawadi wa mtu.

"Baba," nikasema, "minye nilimujua leo asubuhi. Nilikuya kuomba kazi ya kupika."

Mzee akawageukia wale wengine. "Na hawa badada?"

"Siye bote tuko mu mutihani, baba," akajibu Mama Koleta.

Mzee akajifuta mikono ambayo haikula kitu. Akasimama, na watu wake wote wakasimama. Kwa Mukubwa alisema neno moja tu: "Kijana, ukoo haupimwe na sufuria." Wakatoka.

Mukubwa hakunitukana. Alikaa chini. Aliyetukana ni yule bibi: "Muchawi! Kazi umejifukuza mwenyewe!"

Nikamwuliza kwa upole, "Kazi ilikuwako?"

"Kazi gani? Weye uliona kampuni hapa?" Akanitupia karatasi yangu. Ina duara ya chupa katikati, na mahali pa muhuri ni wingu tu.

Basi tulibeba sufuria zetu kichwani, mtihani mzima na mchuzi wake, tukapita nao barabarani mpaka kwa Mama Koleta. Wenzangu walikula, walicheka mpaka machozi. "Tantine, ongeza bukari!" Mimi nilichukua mkebuka mmoja, nikaurudisha sahanini. Nilimwona yule mtoto aliyekuwa anashuka kwenye treni anapanda tena.

Yaya, tangu siku ile sielewi. Watu wazima, wa suti, wanafanya vile mchana kweupe! Na mimi je? Nimemvua mtu nguo mbele ya wakwe. Padri nitamwona Jumamosi, lakini nataka kusikia kwako weye uliyenilea: nilitenda dhambi?

Na hili ndilo gumu. Mwandikishe Zawadi shuleni huko. Usimwambie kwamba mama alishindwa mtihani. Mwambie mama aliulizwa swali moja, akalijibu.

Nisalimie Mama yetu, umshike mkono kwa ajili yangu. Nisalimie shemeji, mume wako, na nyavu zake. Msalimie baba mdogo fundi cherehani, na mke wa katekista kwa dawa zake. Mama Koleta anakusalimu, anasema samaki wako walikuwa watamu kuliko mahari.

Mukanda huu anauleta mume wake, anayepanda treni kesho. Atakaa huko wiki mbili, kisha atarudi. Tafadhali, yaya, nijibu upesi kwa mkono wake, uniambie kama Zawadi anaweza kubaki.

Mimi mdogo wako,
Anjelani