Mlio Mmoja wa Mama

Jumanne

Nimechoka na hii kerneli, programu kuu inayoendesha kompyuta. Wiki mbili nzima nabishana na mwenzangu Ochieng' juu ya jambo moja: data ikifika kwenye kompyuta, kerneli iiambie programu mara ngapi? Yeye anataka iendelee kukumbusha mpaka data isomwe. Mimi nimeshikilia iambie mara moja tu, isiichoshe mashine bure. Programu ikikosa kusikia, shauri yake.

Leo Mama alikuwa kliniki ya presha huko Kombewa. Kawaida yetu, akimaliza ananiflash: simu inalia mara moja, anakata, nami naenda kumchukua na pikipiki. Harudii kamwe. Anasema kurudia ni kusumbua mtu kazini.

Ilipolia nilikuwa nimezama kwenye kompyuta. Nilisikia. Nikasema namaliza huu mstari mmoja, halafu...

Nilikumbuka saa kumi na moja jioni. Kliniki ilikuwa imefungwa. Nilimkuta nje kwenye benchi, mkoba mapajani, hajala tangu asubuhi.

"Mama, si ungepiga tena?"

"Nyathina, mwanangu, si nilikuambia kwa ule mlio? Nilijua umesikia."

Hakukasirika hata kidogo. Afadhali angenigombeza.

Tulipofika nyumbani nilimwandikia Ochieng' kwamba nimekubali, ikumbushe mpaka isomwe. Ameuliza nimepima nini mpaka nikabadili mawazo. Namsikia Mama chumba cha pili, bado anakanda miguu iliyokufa ganzi kwa kuningoja kwenye benchi.