Bima Imeniuliza Baba Alikufa na Nini

Alhamisi jioni, Voi. Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi jekundu limeingia hadi kwenye sufuria.

Ninaogopa. Acha niseme hilo kwanza.

Mchana Wakesho alikuja kibandani ninaposhonea nguo. Wakesho ni ajenti wa bima, na pia tunaimba naye kwaya, kwa hivyo tunajuana hadi ya jikoni. Ninataka bima ya maisha ili nikitangulia, binti yangu Mghoi amalize shule. Baba yake ana nyumba nyingine Mombasa, na simu zetu hashiki.

Wakesho alisoma maswali huku akijaza mwenyewe. Sigara? Hapana. Pombe? Akacheka, akaandika hapana kabla sijafungua mdomo. Moyo kunisumbua? Akaandika hapana nikimtazama, nami sikumsahihisha. Kisha akauliza kama mzazi wangu au ndugu yake yeyote alifariki ghafla, au kwa ugonjwa wa moyo, akiwa bado na nguvu zake.

Nikamwambia aweke hapana. Baba alikufa kwa kutishwa na ndovu.

Ndivyo tunavyosema kwetu Rukanga. Alikuwa akilinda mahindi usiku, ndovu wakatoka porini, akashtuka, akaanguka. Hakuwa na jeraha lolote. Baba mdogo naye alianguka miaka michache baadaye akichota maji, na yeye wakasema ni jua. Kila msiba na sababu yake.

Wakesho aliniachia fomu niweke sahihi. Nilipoishika kalamu, moyo ukafanya mambo yake. Tangu mvua zilipokatika huwa unasimama kidogo, halafu unakurupuka kama mbuzi aliyekatikiwa na kamba. Sijamwambia mtu. Nimekuwa nikiuita uchovu.

Nikampigia Mama simu. Nilimuuliza ndovu wa usiku ule waliharibu shamba kiasi gani.

"Mwanangu, usiku ule ndovu hawakuja," akasema. "Mahindi tulivuna yote."

Nikakaa chini, kwenye vipande vya vitambaa.

Kumbe Baba alilalamikia kifua muda mrefu, akakataa kwenda kuonwa. Matangani mtu mmoja akasema ndovu, wengine wakaitikia, na Mama akaacha iwe hivyo. Ndovu haingii kwenye damu ya watoto, akaniambia. Angesema ni kifua, watu wangeusema ukoo wetu, na sisi wasichana tungeolewa na nani? Sikuweza kumkasirikia. Nilitamani tu asingeniambia.

Nimempigia Wakesho naye, nikamwambia alete fomu nyingine. Akashusha sauti, akaniambia kampuni huenda ikanikataa, au ikapandisha malipo, na lazima itanituma kupimwa moyo. "Dada, si uache tu hivyo? Nani atajua?"

Watajua. Siku Mghoi atakapokwenda kudai, ndiyo siku watakayochimba. Mficha ugonjwa kilio humfichua, na kilio hicho kitakuwa changu, lakini atakayerudi mikono mitupu ni mtoto.

Kukataliwa nitakuvumilia. Ninachoogopa ni ile mashine. Nikishalala pale na zile nyaya kifuani, hakuna tena uchovu, hakuna jua, hakuna ndovu. Nimefikiria pia nisiende, na bima yenyewe niiache. Nimefikiria sana, kusema kweli.

Halafu Mghoi akaingia kutoka mazoezini. Amechaguliwa kuwakilisha shule yao katika mbio na hasemi lingine wiki hii yote. Alikunywa maji akiwa amesimama, akahema, akauchukua mkono wangu akauweka kifuani pake.

"Mama, sikia vile inaruka," akasema, akicheka.

Niliuacha mkono pale. Sikuweza kujua ni mbio tu, au ni sisi.

Kesho sifungui kibanda. Tunaenda hospitali, wawili.