Mita Kwenye Mguu wa Mama

Babati

Kaka Sosthenes,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na baridi ya Mbulu haijawazidi. Mimi mwili ni mzima, moyo ndio haujatulia. Barua hii nimempa Adrian akuletee mkononi, maana simu siwezi kupiga. Nimekaa kando ya kitanda cha mama wodini, naye anasikia kila neno.

Unajua kazi niliyopata kwa Daktari Msafiri. Anachunguza zile njia za mwilini ambazo waganga wa sindano wa Kichina husema nguvu hupita humo. Tunagusa ngozi kwa waya wenye umeme kidogo usioumiza, na mshale wa mita unaonyesha kama ngozi ya pale inaupitisha zaidi kuliko ya jirani yake. Ni kupima tu, hatutibu mtu. Shida yetu kubwa ni mafuta. Tunawaomba watu waje bila kujipaka, kwa sababu mafuta huzuia umeme, lakini nani wa Singe au Sigino atamwonyesha daktari miguu iliyopauka? Wanakuja wanang'aa, nasi tunaanza kuwasugua kwa sabuni.

Mama naye alikuja kupimwa. Nilipomgusa mguu wa kushoto mshale uliruka, akafurahi, akatangaza kwamba mguu wake una umeme wa kutosha. Nilipoinama nikaona kidonda katikati ya vidole, kimelowesha ngozi yote ya pale. Ngozi yenye majimaji lazima ipitishe umeme. Nilimweleza hivyo, akasema namchulia mabaya. Na sukari yake unaijua.

Hospitalini walisema vidole viwili vikatwe upesi, la sivyo utakuwa mguu mzima. Mama akakataa katakata. Alisema hakatwi mguu ambao mashine ya mwanawe imeusifu. Nilimlilia, padri alimsihi, shangazi Marietha akamgombeza, wapi! Weusi ukazidi kupanda, na harufu nayo. Mwishowe akatoa sharti: nilete mita, nimpime tena mbele ya macho yake. Mshale ukilala, atakubali.

Kaka, mshale usingelala, nilijua. Basi asubuhi ile nilimwambia madaktari watapita kumwona, haifai wakute miguu imepauka. Akaniambia nimpake. Nilimpaka mafuta mazito, nikikiepuka kidonda, kisha nikaweka waya palepale penye mafuta. Mshale haukusogea. Mama aliutazama muda mrefu, akalia bila sauti, akasema basi wakate.

Wamekata, na wanasema mguu umenusurika. Daktari Msafiri hajui nilichofanya. Mama ndiye anayewasimulia wagonjwa wenzake jinsi mashine ilivyosema kweli, na kila akianza natamani kuingia uvunguni.

Ukija atakusimulia na wewe. Najua uongo huuwezi, lakini nakuomba unyamaze mpaka kidonda kikauke, maana akijua sasa atafungua bandeji na kurudi nyumbani. Baada ya hapo nitamwambia mwenyewe. Akinikataa, niandalie mahali pa kulala huko kwako.

Wifi na watoto wape salamu zangu nyingi, na mama anawabariki nyote.

Mdogo wako akupendaye,
Vailet