Geti Lisiloona Maji

Chumba cha uani,
Woodley, Nairobi

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha nalisalimu goti lako la kushoto, maana najua kwa baridi hii halikuachi hivi hivi. Ile dawa ya kuchua niliyotuma ilifika? Na ule mgomba wa nyuma ya jiko, umezaa au bado unatuchezea? Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaochemka, lakini unachemka vizuri, kama maji yanayongoja unga.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huisikiliza kwa spika, nyumba nzima inasikia, na kila mtu anaondoka na kipande chake. Safari hii nataka uwe na karatasi mkononi. Nimepata habari kwamba Henrieta, yule binti wa shangazi, ambaye anaishi huku Kawangware, alipiga simu huko nyumbani akasema Agneta amefukuzwa kazi kwa wizi. Tena nimesikia kwamba tangu siku hiyo umeliacha benchi lako la mbele kanisani, unakaa nyuma karibu na mlango ili utoke kabla watu hawajaanza kupeana mikono. Mama, hilo limeniuma kuliko kuitwa mwizi. Sijaiba. Sijafukuzwa. Keti nikueleze.

Kazi yangu unaijua: mimi ndiye mwenye stoo katika kampuni ya maji ya kunywa, hapa kando ya Ngong Road. Maji tunayajaza kwenye mitungi ya plastiki ya lita ishirini, ile ambayo ofisi za mjini na nyumba za Karen na Spring Valley huigeuza juu chini kwenye mashine. Lori likipeleka mitungi sitini iliyojaa, linarudi na mitupu sitini. Kwa miaka saba nimeihesabu kwa chaki ukutani pale getini. Mpakizi akipandisha mtungi anaita, mimi naitikia na kuchora. Mistari minne, wa tano unaikata. Dereva naye anahesabu yake kimoyomoyo, na tukitofautiana lori haliendi popote. Ni kelele tupu, lakini hesabu yetu ilikuwa sawa.

Sasa mwaka huu meneja wetu akatangaza kwamba tunaingia mambo ya kisasa. Wanaiita RFID. Kila mtungi unabandikwa kibandiko chenye waya mwembamba ndani yake, na geti linawekewa vyuma viwili vya redio. Lori likipita, geti linaita, kila kibandiko kinajibu namba yake, na kompyuta inaandika. Usije ukasikia kwamba Agneta alikataa maendeleo. Sikukataa! Mitungi mingi ilikuwa inabaki huko kwa wateja, wengine wanaikata wanapandia maua, na sisi hatujui ni upi uko kwa nani. Hiyo mashine tuliihitaji.

Ila mipango yote ilifanyiwa ghorofani. Sisi wa stoo tuliitwa siku moja tu, siku ya majaribio, na tuliitiwa kubeba. Meneja akaniambia, "Agneta, leta mitungi thelathini. Iwe mitupu, tafadhali, leo watu wamevaa vizuri." Nikaleta. Wakaipitisha getini kwa mkokoteni, kompyuta ikaandika thelathini, wakapiga makofi, wakanywa soda. Nikauliza, "Na ikijaa?"

Meneja akacheka. "Mtungi ni mtungi, Agneta. Kwani wewe ukishiba unabadilisha jina?"

Wote wakaangua kicheko. Hata mimi nilicheka kidogo, na nikikumbuka hapo najikasirikia mpaka leo. Kesho yake ukuta wangu wa chaki ulipakwa rangi nyeupe.

Wiki haikuisha. Chumba cha kujazia kiliandika mitungi sitini, mimi nikasaini sitini, geti likaandika arobaini na moja. Meneja akashuka hadi getini, mbele ya wapakizi, madereva na mlinzi, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Agneta, mitungi kumi na tisa umeipitisha wapi?"

"Imepita hapa hapa, kwa lori la Mutiso."

Mutiso ni dereva wetu, mtu wa Machakos, mlokole ambaye hata lori haliwashi kabla ya kuliombea. Akasema, "Bosi, mimi nimebeba sitini."

"Mashine haina rafiki," meneja akamjibu. "Nyinyi mnao."

"Basi wapigie wateja simu," nikasema. "Kuna aliyelalamika?"

"Wateja gani? Askari wao wa geti ndio wanasaini, na hawahesabu."

Ikawa hivyo siku tatu. Ya nne akaniita ofisini, akanisukumia karatasi. Ilisema nimekubali uzembe wangu, naacha kazi kwa hiari yangu, na kampuni haitanipeleka polisi. Akasema, "Saini, mambo yaishe kimya kimya." Sitakudanganya, Mama, niliisoma mara mbili. Nilikuona wewe umeshika Biblia yako, watu wanakutazama.

Nikamwambia, "Sisaini."

"Fikiria vizuri, Agneta."

"Nimeshafikiria. Kama unataka maandishi, lete kalamu niandike hapo chini: sisaini."

Akanisimamisha kazi wiki moja. Ndiyo maana Henrieta alinikuta nyumbani asubuhi ya siku ya kazi nikianika nguo. Hakuniuliza hata neno moja, aki ya nani. Alienda zake, ya wizi akajijazia mwenyewe, akapiga simu.

Lakini kukaa nyumbani sikukaa. Kesho yake nilienda nikasimama nje ya geti, upande wa barabara, na chaki yangu. Ndani wamenikataza, barabara si yao! Mutiso akitoka anapunguza mwendo, mimi nahesabu na kuchora kwenye ukingo wa lami. Mlinzi, Mungu ambariki, alikuwa ananisomea kile geti lilichoandika. Siku ya pili lori lilitoka, geti likaandika thelathini na nane. Mchana likarudi, geti likaandika sitini. Nikasimama pale na chaki mkononi. Lori ni lile lile, geti ni lile lile, vibandiko ni vile vile. Kilichopungua ni maji tu.

Ijumaa ndiyo siku ya mwenye kampuni kuja, mama mmoja mtu mzima anayekaa Karen. Gari lake lilipofika nikasimama mbele yake. Meneja akaja mbio, "Madam, huyu tumemsimamisha!"

Nikasema, "Madam, jana geti lenu limeona mitungi thelathini na minane ikitoka na sitini ikirudi. Mitungi yetu inazaana njiani?"

Wapakizi wakacheka. Yeye hakucheka. Akashuka kwenye gari akasema, "Leteni mitungi."

Tukapitisha ishirini mitupu, geti likaandika ishirini. Nikaomba ijazwe ile ile, na nikamwambia meneja, "Bosi, beba na wewe, uonje uzito." Akabeba, shati likamlowa. Tukaipitisha. Geti likaandika kumi na moja. Tukarudia, likaandika tisa.

Wakampigia simu fundi wa mashine. Akauliza swali moja tu, "Kwani mlijaribu ikiwa na maji?" Nikajibu mimi, hatukujaribu. Akaeleza kwamba maji yanayameza mawimbi ya redio, kibandiko kikiwa na maji nyuma yake hakisikii kikiitwa. Kinatakiwa kibandikwe juu shingoni, maji yasipofika. Kumbe jambo lenyewe linajulikana, ila siku ile hakuna aliyetaka kuinua lita ishirini.

Baadaye meneja akaniita ghorofani, akafunga mlango. "Agneta, tusameheane, yaishe hapa."

"Uliniita mwizi getini," nikamwambia. "Utaniomba radhi getini."

Akasema nina kiburi. Nikasema ninacho, na kinatutosha sisi wawili. Jumatatu asubuhi, wakati wa kupakia, alisimama pale akasema alinikosea na sikuiba chochote. Alisema kwa sauti ndogo. Mutiso akaita kutoka nyuma ya lori, "Bosi, huku hatusikii!" Akarudia.

Sasa mimi niko kwenye mipango. Nimewaambia hakuna kifaa kitakachopokelewa hapa kabla hakijajaribiwa na mitungi iliyojaa, na wanaoibeba wakiwepo. Ukuta wangu nimeurudia, juu ya rangi yao nyeupe, mpaka chaki na geti vipatane. Jana chaki ilisema sitini, geti hamsini na nane. Tukazuia lori, tukaikuta mitungi miwili vibandiko vimebanduka. Mashine ni nzuri, Mama. Nimeanza kuipenda.

Nisalimie baba mdogo fundi wa baiskeli, na kaka yangu aliye chuo cha ualimu, mwambie aache kuniombea aniandikie. Msalimie bibi, umpigie kelele upande wa sikio zima. Na shangazi, mama yake Henrieta, mpe salamu zangu kamili, kisha umsomee barua hii yote, polepole, bila kuruka mstari.

Jumapili rudi kwenye benchi lako la mbele. Usitoke kabla ya salamu. Kaa mpaka mtu wa mwisho akupe mkono, na akitokea wa kukuuliza, habari za redio na maji usihangaike nazo, ni ndefu. Mwambie walimpa Agneta karatasi asaini kwamba ana hatia, akakataa.

Ile sikuisaini. Hii naisaini.

Binti yako,
Agneta, mwenye stoo