Funguo nne, mwenye nyumba hana hata mmoja

Mwanangu mshauri,

Naomba msaada wako, tena naomba unisome mpaka mwisho, maana siku hizi mtu mzima akifika sentensi ya pili tu anaambiwa "sawa bibi, pumzika". Nina miaka sabini na sita, goti moja bovu na macho ya miwani, lakini akili zangu zote ninazo, nimefua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja na sikupoteza hata foronya. Ninaishi peke yangu katika nyumba yangu ya vyumba viwili, na tangu mwaka jana nahudumiwa na ushirika wa kutunza wazee, yaani zahanati, kikundi cha akina mama, vijana wa kujitolea na ofisi ya mtaa wameungana, nami nilishukuru na ninashukuru bado, maana muuguzi ananipima presha, akina mama wananifagilia, vijana wananitekea maji, na karani wa mtaa ananiletea fomu.

Fomu hizo ndizo zilizonifunga. Kila kundi lina fomu yake na kila fomu ina kisanduku kilichoandikwa "Mzee amekutwa nyumbani", kisipotiwa tiki ziara haihesabiki, sasa kila kundi huja saa yake, na mara mbili walinikosa kwa sababu nilikuwa kwa jirani, basi wakafanya kikao sebuleni kwangu, juu ya viti vyangu, wakanijadili kana kwamba mimi ni kabati linalohamishwa, wakakata shauri kwamba kwa usalama wangu mlango uwe unafungwa kufuli kwa nje. Binti yangu wa kumzaa mwenyewe akatia sahihi. Nikauliza, "Mbona mimi hamniulizi?" Mwenyekiti wao akaniinamia, akanishika shavu, akasema kwa sauti ya kubembelezea mtoto, "Bibi yetu, si unajua tunakupenda?" Wakachonga funguo nne, kila kundi ufunguo wake, na mimi mwenye nyumba sina hata mmoja, na mlango wenyewe ni huo huo, wa uani hakuna.

Sasa jirani yangu. Ni fundi bomba mstaafu, amepooza upande wa kulia, hawezi hata kujigeuza kitandani, na mwanawe ni dereva wa lori, mtoto mwema sana, lakini anatoka alfajiri na kurudi jioni. Nilimwambia mwenyekiti, huyu mzee ndiye anayehitaji watu, akanijibu kwamba hayumo, masharti yao yanasema anayeishi na mtoto mzima hasajiliwi. Basi mchana ni mimi ninayemgeuza, namlisha, nambadilishia shuka, maana shuka chini ya mtu aliyelala nalijua kuliko muuguzi yeyote, na hajapata kidonda hata kimoja.

Nikiri sasa. Wakishanifungia naburuta kigoda, napanda dirisha la jikoni, nashukia juu ya ndoo niliyoipindua nje, nakwenda kwa mzee wangu, kisha narudi kwa njia hiyo hiyo kabla vijana hawajaleta maji, nakaa kitini najitia hamnazo. Wiki iliyopita ndoo iliteleza, nikachubuka muundi mpaka damu, muuguzi akaniuliza nikamdanganya kwamba ni meza. Binti yangu kaiona ile ndoo, hajasema kitu, ila kaagiza fundi aje Jumatatu kutia nondo dirishani. Nikisema kweli wataniambia nimerukwa na akili, nikinyamaza nondo zinatiwa, na yule mzee atalalia ubavu mmoja kutwa nzima. Usiku silali kwa hasira, mwanangu. Nifanye nini? Barua hii nampa muuza magazeti kupitia dirishani.

Mimi, Mfua Mashuka

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mama. Nimekusoma mpaka mwisho, na mara ya pili nimekusoma nikiwa nimesimama, maana kukaa kulinishinda.

Nianze na wewe, kwa heshima zote. Dirishani, mama? Kwa goti hilo, juu ya ndoo? Ungevunjika nyonga pale nje, nani angejua kwamba nyumba ya pili kuna mtu anakungoja? Umeibeba siri peke yako, na siri hiyo ina uhai wa mtu mwingine ndani yake. Na muuguzi aliyekuuliza swali la haki ukampa jibu la uongo umemnyima nafasi ya kuwa upande wako. Hilo nakugombeza, na nisamehe.

Nimemaliza na wewe. Sasa ninyi wenye funguo, maana najua gazeti hili mnalisoma. Mtu mwenye akili timamu anafungiwa ndani ya nyumba yake ili fomu zenu zipate tiki? Jiko likishika moto saa nne asubuhi, ufunguo mmoja uko zahanati, mwingine kwa mama fulani sokoni, mwingine mfukoni mwa kijana, mwingine kwenye droo ya karani. Mtafika mbio, mtakuta majivu, na kisanduku chenu mtakitia tiki, kwa kuwa kweli atakuwa amekutwa nyumbani. Mliungana ili mzee apate mikono mingi ya kumsaidia, na mikono yote minne mkaipeleka kwenye kufuli. Aibu!

Na wewe binti, usinune. Najua unaogopa kupigiwa simu kazini kwamba mama ameanguka, nami ningeogopa. Lakini uliiona ndoo ukaita fundi kabla hujamwuliza mama yako anakwenda wapi. Swali moja tu lingetosha, na jibu lake lingekutoa machozi.

Mama, sikiliza sasa. Dirishani hupandi tena, hata mara moja. Leo hii muuguzi akija mwonyeshe muundi wako na umweleze ulivyoumia, kisha usimwache aondoke, mshike mkono mwende naye mpaka kwa fundi bomba, amwone kwa macho yake. Jioni mtume mtu amwite yule dereva, ajue nani amekuwa akimgeuza baba yake, maana mtoto mwema hastahili kufichwa. Jumatatu fundi wa nondo akifika usigombane naye, ametumwa tu. Mpe kiti, mwite binti yako, na mbele yake umwambie fundi kazi imebadilika, ang'oe kufuli la mlangoni, atie kitasa unachoweza kukifungua mwenyewe kwa ndani, na dirisha aliache. Nyumba ni yako na sahihi inayohitajika ni yako. Binti akilia, mwache alie kidogo, halafu mpe ufunguo mmoja, maana ni mwanao na anakupenda kwa njia mbovu.

Kikao chao kijacho usikubali kukaa pembeni. Kaa katikati, na useme kwamba hutaki kutunzwa na watu wasiojua kukuuliza. Mwambie mwenyekiti asikushike shavu. Masharti yanayomwacha mtu aliyepooza peke yake kutwa kwa sababu mwanawe ana kazi yafutwe siku hiyo hiyo, na wewe uwafundishe vijana wale namna ya kumgeuza mtu bila kumuumiza na kutandika shuka lisilo na kunyanzi. Kazi hiyo hakuna anayeijua kukushinda. Wakikataa, niandikie tena, na safari hiyo nitakuja mwenyewe.

Na ninyi wana ushirika, najua mkishasoma hapa mtaitana haraka kujadili nani kawatia gazetini. Jadilini mtakavyo, ila kwanza nendeni nyumba ya pili. Mzee hajageuzwa tangu alfajiri.