Dada Somoe, Nimejisifu

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta hapo Rasbura ukiwa mzima, na magoti yamepunguza kukusumbua. Mimi huku Denmark sina neno, alhamdulillahi. Baridi nayo imeshanizoea, hainionei tena kama zamani.

Umeniandikia nirudi. Unasema kama karakana ya meli imefungwa, ugenini namngoja nani? Umeuliza haki yako, nami nakujibu, ila soma mpaka mwisho kabla hujanuna.

Kweli imefungwa. Serikali ya huku imechoka kuzibeba karakana za meli. Imesema inayoweza kujiendesha ijiendeshe, isiyoweza ife. Tukatolewa nje, kila mtu na viatu vyake vya kazi mkononi. Mwenzio nilidhani mageuzi ya uchumi ni dawa wanayonyweshwa maskini tu, kama mlivyonyweshwa nyie, kiwanda cha korosho kikauzwa, shemeji akarudishwa nyumbani. Kumbe na matajiri wanainywa, tena wanakunja uso vilevile! Ila huku ukishatolewa, sheria mpya haikuachi ukae barazani. Unapewa posho, lakini lazima usomee kazi nyingine au ufanye yoyote utakayopangiwa. Ukikataa, posho inakatwa.

Basi kazi inayotafutiwa watu sasa ni ya mitambo ya umeme wa upepo. Makaa ya mawe na mafuta wameyapandishia kodi ili watu wayaache, hewa isizidi kuharibika. Mitambo yenyewe inakaa juu ya minara ya chuma, mirefu kupita mnazi wowote uliowahi kuuona, na minara hiyo inachomelewa kipande kwa kipande. Kuchomelea chuma, Dada! Si ndiyo kazi yangu tangu nilipoacha ubaharia? Nikasema hapa riziki yangu ipo.

Nikaenda ofisi ya kazi, nikamkuta mama mmoja mpole wa miwani. Akaniuliza, "Unajua kuchomelea?" Nami, kwa adabu uliyonilea nayo, nikainamisha kichwa, nikamjibu kwa lugha yao yale yale tunayosema kwetu: "Nababaisha tu."

Unacheka? Cheka. Fundi gani wa kwetu, kuanzia Kilwa mpaka Lindi, akiulizwa kazi yake atajibu kwamba yeye ni hodari? Si wataambizana ana majivuno? Unasema unababaisha, aliyekuuliza anatabasamu, kazi anakupa. Mama yule hakutabasamu, aliandika. Wiki ile ile nikapangiwa kufagia majani kwenye bustani ya mji, na nafasi ya darasa la minara akapewa bwana mmoja mwenyeji niliyemfundisha mimi kuchomelea. Yeye aliulizwa swali hilo hilo akajibu hakuna wa kumfikia. Wallahi nililia, Dada. Yule bwana hana kosa. Nilijililia mwenyewe.

Nimefagia majani mpaka majuzi hasira zikanipanda. Nikaona nikiendelea hivi mkono utasahau kazi, nami nitarudi Lindi sina ninachojua ila ufagio. Nikaenda tena kwa yule mama. Njiani nikawa nafanya mazoezi ya kujisifu kwa sauti, watu wananipisha wakidhani nimerukwa na akili.

Nikamwambia, "Siku ile sikukwambia kweli. Kwetu mtu hajisifu."

Akashangaa. "Sasa mimi nitakujuaje?"

Kweli, angenijuaje? Hatujala naye sahani moja, wala hamjui hata mtu mmoja anayenijua. Nikafumba macho, nikasema: "Mimi ni fundi. Nimechomelea matumbo ya meli ambazo mpaka leo ziko majini na hazivuji. Nikishachomelea mimi, chuma hakikumbuki kama kilikuwa vipande viwili." Astaghfirullah! Jasho lilinitoka kama niliyemtukana mtu mzima.

Yule mama akaweka kalamu chini. Akasema darasa limejaa, ila atanitafutia jaribio kwa wenye mitambo: nichomelee kipande kimoja mbele yao, wakiridhika niingie kazini moja kwa moja. Nilikichomelea Alhamisi. Wakakigonga nyundo, wakakipinda, wakakipitisha kwenye mashine inayoona ndani ya chuma. Hakikuachia.

Jumatatu naanza. Kwa hiyo sirudi, Dada, si sasa. Najua umechoka kunisubiri, na mimi nimechoka kukuota. Lakini siku nikirudi nitarudi na kazi ya maana mkononi, wala hutaniona nikikaa kukulalamikia serikali.

Sasa na mimi nakuomba jambo. Umesema kuna mwekezaji amekuja huko anatafuta watu wa mashine kwa ajili ya shamba la mkonge, na shemeji alikwenda, akaulizwa, akarudi bila kitu. Hebu muulize alijibu nini. Kama ni kile ninachokidhani, mrudishe kesho asubuhi, na wewe usimame mlangoni mpaka aseme kweli yote bila kuangalia chini. Mwanamume huyo akishikwa na homa, kiwanda kizima kilikuwa kinalala! Hawa mabwana wapya hawamjui, na hawaulizi mara ya pili.

Nisalimie shangazi yetu wa Pande, umwambie nakula vizuri. Nisalimie na mwalimu wangu wa chuo cha Kurani kule Kiswere, ila yeye usimsomee hapo nilipojisifu.

Ni mimi mdogo wako,
Selemani, fundi.

Neno hilo la mwisho nimeliandika mwenyewe, Dada, na silifuti.