Wazee Kumi na Mmoja wa Ukutani

Mississauga, pembeni mwa Toronto

Dada yangu Eliza,

Shikamoo. Goti bado linakusumbua, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na shemeji, kifua kimepoa? Mimi mzima wa mwili. Baridi imeanza kuuma, ila nyumba hii ina joto, kwa hilo silalamiki.

Nianze na lile unaloliogopa, maana nakujua, utaruka mistari kulitafuta. Siji kwenye sherehe ya kumuaga mwanangu Neema kabla ya harusi. Lina, binti wa mzee ninayemtunza, amekataa kunipa ruhusa, na kibali changu cha kazi kimefungwa kwenye nyumba hii. Nikiondoka bila barua yake sirudi tena, na maombi yangu ya ukaazi yanakufa. Miaka tisa yote imekwenda na maji.

Ukiuliza nani kanifunga, ni mdomo wangu mwenyewe.

Mzee Agostino, nilishakwambia, ni Mgoa aliyezaliwa hapo hapo Tanga. Kiingereza chote kimemtoka kichwani, amebaki na Kiswahili cha utotoni. Kitandani kwake anatazamana na picha kubwa ya kuchorwa kwa rangi: wanaume kumi na mmoja wa chama cha wapenda vitabu kule Goa, India, karne ya kumi na tisa, akiwemo babu wa baba yake. Masharubu, tai, kila mmoja na kitabu chake, utadhani wameambiwa atakayetabasamu atafukuzwa. Mchoraji kajaza meza, mapazia, hata paka, mlango hakuchora.

Kila asubuhi mzee ananiuliza, "Yule nani?" Majina yaliyoandikwa chini ya fremu yananishinda kuyatamka. Siku moja nikachoka, nikamwambia, "Yule mwenye kitambi ni Mjomba Mhando, fundi cherehani. Anajifanya anasoma, kitabu chenyewe kakishika juu chini." Weee! Mzee alicheka mpaka akakohoa. Akamaliza uji wote. Lina alikuja mbio, machozi yanamtoka. Hakuwahi kumsikia baba yake akicheka tangu mama yao afariki.

Basi nami nikanogewa. Wote nikawapa majina ya watu wa kwetu. Aliyesinzia ni marehemu baba. Aliyesimama anasoma ni yule mwalimu wetu wa kwaya, anayekohoa kabla ya kila ubeti. Nawagombanisha, nawapatanisha, mzee anakula.

Sasa bila wao hali kitu. Mwezi uliopita Lina alimleta Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, anishikie siku mbili tujaribu. Mama wa watu akamsomea yale majina ya kweli kwenye fremu. Mzee akamtupia bakuli. "Muongo! Mhando yuko wapi?" Siku mbili hakutia kitu mdomoni. Nikajirekodi kwenye simu nikiwasimulia. Mzee akaiuliza simu swali, simu haikujibu, akalia.

"Vumilia kidogo, Rehema," Lina akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake. "Baba hana muda mrefu. Akishaondoka, utakaa nyumbani hata miezi mitatu."

Umesikia hapo, dada? Nisubiri mtu afe. Na ubaya wenyewe ni kwamba nasubiri. Jumanne alipitiwa na usingizi mchana, kifua kikatulia sana, nami nikajikuta nawaza kama ndege ingepatikana kabla ya sherehe. Akafumbua macho, akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, umekula?" Nilikwenda bafuni nikalia. Namchukia, nampenda, na nimejiogopa.

Neema hapokei simu yangu tangu jana. Usimkaripie. Mweleze yote, hata hili la Jumanne. Nilimwacha mikononi mwako akiwa wa miaka kumi na mitatu, lakini sasa ni mtu mzima.

Nisalimie shemeji, na shangazi yetu mkubwa, na kaka wa Korogwe asiyependa kuandika. Mama mkwe wa Neema mwambie nimemkabidhi mtoto kwa mdomo wako.

Keki ikishakatwa, mshereheshaji atamwita mama mzazi aje alishwe. Inuka wewe. Uende ukicheza, usiende kinyonge, wala usiseme unaniwakilisha. Neema akinyoosha mkono, fungua mdomo, ule. Mama yake ni wewe.

Mdogo wako,
Rehema